Nalala njaa, asubuhi sukari iko juu: nifanyeje?

Mheshimiwa Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 49, mkaazi wa Tanga, na kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani ya kukanyaga kibarazani kwetu, na hapo ndipo ninapopata riziki ya kulea wajukuu wawili. Miezi minne iliyopita nilikuwa nikiamka kwenda msalani mara nne au tano kwa usiku mmoja, kiu haikatiki, na nguo nilizojishonea mwenyewe zikaanza kunipwaya. Hospitali walinipima kabla sijala chochote wakakuta sukari 12.6, na kipimo cha wastani wa miezi mitatu kikatoka asilimia 9.8. Nikaambiwa nina kisukari cha aina ya pili, nikapewa vidonge vya metfomini vya miligramu 500, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na nasaha ya kuacha vitu vitamu. Foleni ilikuwa ndefu na muuguzi alikuwa peke yake, kwa hiyo sikupata nafasi ya kuuliza.

Mwanangu anayeishi Marekani alinitumia mashine ya kupimia sukari na stripu zake, na hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Asubuhi ya kwanza mashine ilisoma 171. Jirani yangu, ambaye marehemu mumewe alikuwa na maradhi haya, alishika kichwa akasema kwamba mumewe alipofika 28 alilazwa, sembuse mimi mwenye 171. Tangu siku hiyo nimeacha chakula cha usiku. Jioni nameza kidonge kwa maji, naswali, nalala. Pamoja na hayo yote, asubuhi mashine inasoma 165, 178, na siku moja hata 184. Sielewi sukari inatoka wapi ilhali tumbo langu ni tupu.

Vidonge navyo vinanisumbua, kwani usiku napata kichefuchefu na mara nyingine naharisha, kwa hiyo siku nikijisikia vizuri huviacha, nikavimeza pale tu namba inapokuwa kubwa. Ugali na wali nimeviacha kabisa. Nakula viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha, na chai natia asali badala ya sukari. Jirani aliniletea unga wa mlonge, kisha akaniletea unga mwingine wa kahawia, usio na jina, kutoka kwa mtu anayeuza sokoni. Wiki mbili zilizopita, saa tisa alasiri, nikiwa nashona, mikono ilianza kutetemeka, jasho jembamba likanitoka, moyo ukaenda mbio na macho yakaingia ukungu. Mjukuu wangu aliniletea chai yenye sukari nyingi, nikapata nafuu. Sikupima. Jirani anasema hiyo ni dalili kwamba dawa imeanza kufanya kazi.

Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, husema mbele za watu kwamba haya ni maradhi ya walafi. Ramadhani nayo imebaki miezi mitatu, na stripu zimebaki 50. Naomba unisaidie, nifanye nini sukari hii ishuke?

Fundi Cherehani, Tanga

JIBU

Wa alaykumus salaam, dada yangu Fundi Cherehani. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kabla ya jambo lolote nataka nikuondolee hofu moja ambayo huna haja ya kulala nayo hata usiku mmoja zaidi. Sukari yako haikupanda kutoka 12 hadi 171. Hospitali zetu za Tanzania kwa kawaida hupima sukari kwa milimoli kwa lita, ilhali mashine zinazouzwa Marekani hupima kwa miligramu kwa desilita. Ni kama mtu mmoja anayepima kitambaa kwa yadi na mwingine kwa inchi: kitambaa ni kilekile, namba ndizo tofauti. Ili uigeuze namba ya mashine yako iwe namba ya hospitali, igawe kwa 18. Ile 171 iliyomfanya jirani yako ashike kichwa ni 9.5. Ile 12.6 ya siku ya kwanza, kwa hesabu ya mashine yako, ni kama 227, na ile 28 ya marehemu ni zaidi ya 500. Kwa maneno mengine, tangu ulipogunduliwa, sukari yako ya asubuhi imeshuka kutoka 227 hadi kwenye 170 na kitu, na wewe muda wote huo ulikuwa unajiona umeshindwa.

Kushuka huko bado hakujatosha. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, sukari ya kabla ya kula hulengwa iwe kati ya 80 na 130 kwa mashine yako, yaani 4.4 hadi 7.2, na saa mbili baada ya kula iwe chini ya 180, yaani 10. Daktari wako anaweza kukuwekea lengo tofauti kidogo, nawe ufuate lake. Ninachotaka ulione ni kwamba umebakiza mwendo mfupi kuliko ulivyodhani.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa, kwamba sukari inatoka wapi wakati tumbo ni tupu. Inatoka kwenye ini. Mwili hauwezi kuachwa bila sukari hata kwa saa chache, kwa kuwa ubongo unaitegemea, na ndiyo maana ini huweka akiba na kuitoa kidogo kidogo tunapolala. Karibu na alfajiri mwili hutoa homoni za kutuandaa kuamka, na homoni hizo huliamuru ini kuongeza kasi. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, ya kutosha kulituliza ini, na mambo yakawa sawa. Kwako wewe insulini haisikilizwi vizuri na ini lako, kwa hiyo linaendelea kumimina. Kulala njaa hakulifungi bomba hilo.

Kinachoweza kulipunguza kasi ni kile kidonge unachokiacha. Kazi kubwa ya metfomini ni kulizuia ini lisitoe sukari kupita kiasi. Haifanyi kazi kama dawa ya kichwa, ambayo mtu humeza anapoumwa na kuacha anapopoa. Nguvu yake hujengeka kwa siku na wiki za kuimeza bila kukosa. Nadhani barua yako yenyewe imeonyesha mahali ulipokwama, ingawa hukuiandika kwa nia hiyo. Namba ilikutisha, ukaacha chakula cha usiku. Kwa kuwa hukula, kidonge cha jioni kikaingia kwenye tumbo tupu, na metfomini katika tumbo tupu ndiyo hasa inayoleta kichefuchefu na kuharisha. Kwa kuwa ilikusumbua, ukaanza kuiacha. Kwa kuwa umeiacha, ini limebaki bila mzuiaji, na asubuhi namba ikawa kubwa, nawe ukazidi kuogopa kula. Huo mzunguko ndio unaokutesa, na mlango wa kuutokea ni chakula cha usiku.

Kwa hiyo kuanzia leo kula usiku, chakula cha kiasi, na umeze kidonge katikati ya mlo au mara tu unapomaliza, si kabla. Asubuhi fanya vivyo hivyo. Watu wengi huona tumbo likitulia ndani ya wiki chache. Lisipotulia, usiviache vidonge kimyakimya. Rudi kliniki umwambie daktari, kwa sababu anaweza kupunguza dozi kisha akaipandisha polepole, au akakupa aina ya metfomini inayoyeyuka taratibu, ambayo wengi huivumilia vizuri zaidi. Ikiwa utaimeza ipasavyo na sukari bado haifiki lengo, naye akaona haja ya kuongeza dozi au dawa nyingine, usidhani umefeli.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote katika barua yako ni lile la saa tisa alasiri. Kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio na macho kuingia ukungu ni dalili za sukari kushuka kupita kiasi, yaani chini ya 70 kwa mashine yako, au 3.9. Ni kweli kwamba mtu aliyekaa na sukari ya juu kwa muda mrefu anaweza kuhisi hivyo hata namba yake ikiwa ya kawaida, na kwa kuwa hukupima hatuwezi kuwa na uhakika. Lakini mimi nimefanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya kisukari kwa miaka mingi, na najua kwamba metfomini peke yake ni nadra sana kumshusha mtu hivyo. Kwa sababu hiyo macho yangu yamekwenda moja kwa moja kwenye ule unga wa kahawia usio na jina. Imewahi kugunduliwa, katika nchi mbalimbali, kwamba baadhi ya dawa zinazouzwa kama za asili zimechanganywa kwa siri na vidonge vya hospitali vilivyosagwa, hasa glibenklamidi, dawa inayolilazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hukula. Mtu anayelala njaa akiwa na dawa hiyo mwilini anaweza kuzimia usingizini. Jirani yako ana nia njema, na amefiwa kwa maradhi haya, kwa hiyo usigombane naye. Lakini kutetemeka kule si dalili ya kupona. Acha unga huo leo, uufunge kwenye karatasi, na uupeleke kliniki wauone. Majani ya mlonge ukiyapika kama mboga hayana neno, ilimradi yasichukue nafasi ya kidonge.

Hali ile ikikurudia, pima kwanza kama mashine iko karibu. Kama haiko karibu, usiitafute. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji unywe, au unywe nusu chupa ndogo ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, kisha upime. Ikiwa bado iko chini ya 70, rudia, na ikishapanda ule kitu chenye wanga kama mlo wako unaofuata uko mbali. Weka pakiti ndogo ya sukari kwenye droo ya cherehani, na umwonyeshe mjukuu mahali ilipo. Alifanya jambo la maana sana siku ile. Mfundishe pia kwamba bibi akikutwa hajitambui asimtie kitu chochote kinywani, bali apige kelele watu wazima waje wakukimbize hospitali.

Nije kwenye mashine. Unapima kila asubuhi, unaiona namba, unahuzunika, basi. Namba moja peke yake haikufundishi kitu. Stripu 50 ulizobakiza ni mali, nami nakuomba uzitumie mbili mbili: moja kabla ya mlo, na nyingine saa mbili baada ya tonge la kwanza. Chagua siku tatu kwa wiki, na kila siku mlo mmoja tu, leo chai ya asubuhi, keshokutwa chakula cha mchana, siku nyingine cha usiku. Hivyo stripu zako zitakwenda wiki nane, na katika wiki hizo nane utajua mambo kuhusu mwili wako ambayo hakuna daktari anayeweza kukuambia. Andika kwenye daftari ulichokula, kiasi chake, na namba zote mbili. Ikiwa namba ya pili imezidi ya kwanza kwa 50 au chini ya hapo, na haijavuka 180, chakula hicho kwa kiasi hicho kinakufaa. Ikiwa imeruka kwa 90, usikilaani chakula. Punguza kiasi, ongeza mboga, ujaribu tena wiki ijayo. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kupima, kwa kuwa ukipima baada ya kumenya chungwa, sukari iliyobaki kidoleni itakupa namba ya uongo. Na utoboe pembeni mwa kidole, si kwenye ncha, maana ncha za vidole vyako ndizo zinazoshika sindano ya kazi.

Nina hakika kwamba daftari hilo litakuonyesha kuwa viazi vitamu na mihogo, ukila sahani nzima, hupandisha sukari kama ugali na wali. Vyote ni wanga. Hukuwa na sababu ya kuuacha ugali, wala ya kupika sufuria mbili, yako na ya familia. Pikeni pamoja, kisha wewe upakue tofauti: nusu ya sahani iwe mboga, iwe mchicha, matembele, kisamvu au bamia, robo iwe samaki, dagaa, kunde au maharage, na robo iliyobaki iwe ugali, ikiwezekana wa dona, au wali, au muhogo, lakini kimoja tu kati ya hivyo. Ule mboga na samaki kwanza, wanga umalizie; mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya mlo. Wali wa nazi uupime kwa jicho la makini zaidi, si kwa sababu nazi ina sukari, bali kwa sababu utamu wake humfanya mtu aongeze, na mafuta yake hunenepesha.

Asali ni sukari. Najua inauma kuisikia, kwa kuwa ina heshima yake katika dini na katika tiba zetu, lakini damu yako haitofautishi asali, sukari guru na sukari ya dukani. Punguza kijiko kimoja kila wiki mpaka uizoee chai ya tangawizi na iliki bila kitu. Chungwa la Muheza kula moja, lenye nyama zake. Juisi yake iache, kwa kuwa glasi moja hukamuliwa kutoka machungwa matatu au manne na hushuka tumboni bila kizuizi.

Baada ya mlo usirudi moja kwa moja kwenye cherehani. Tembea dakika 10 au 15 mtaani kwenu, hata kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu misuli inayofanya kazi huichukua sukari kutoka kwenye damu bila kuisubiri insulini sana.

Hukuniuliza kuhusu miguu, lakini mimi naiwaza. Mafundi wengi hukanyaga cherehani pekupeku, na chini ya cherehani huwa pana pini na sindano zilizoanguka. Kisukari hufisha ganzi nyayo polepole, mtu akachomwa asisikie, kidonda kikaoza kabla hajakiona. Vaa viatu vilivyofunika vidole hata ukiwa kibarazani, fagia chini ya cherehani kila unapomaliza kazi, na kila usiku tazama nyayo zako, na katikati ya vidole, kwa kioo kidogo au kwa macho ya mjukuu. Na kama hujapimwa macho, mkojo kuangalia figo, na shinikizo la damu, omba upimwe mara hii ya kwanza utakaporudi. Kisukari cha aina ya pili mara nyingi huishi na mtu miaka kadhaa kabla hakijagunduliwa, kwa hiyo vipimo hivyo havisubiri.

Kuhusu Ramadhani, umefanya vizuri kuuliza mapema. Wenye kisukari cha aina ya pili wanaotumia metfomini peke yake, ambao sukari yao imetulia, wengi hufunga kwa salama, vidonge vikihamishiwa futari na daku kwa maelekezo ya daktari. Mwendee wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Wanazuoni wengi wanakubali kwamba kutoboa kidole hakubatilishi saumu, kwa hiyo pima mchana bila wasiwasi. Na ikiwa chini ya 70 au juu ya 300, fungua saa hiyohiyo. Mgonjwa amepewa ruhusa ndani ya Kurani yenyewe.

Mama mkwe wako mheshimu kama unavyomheshimu, lakini usiyabebe maneno yake. Kisukari cha aina ya pili huchangiwa na damu ya ukoo, umri, uzito, kukaa kitako kwa kazi, na vyakula vinavyotuzunguka sote. Wapo watu wanaokula sana wakafa wazee bila kukipata, na wapo wembamba wanaokipata. Ikiwa mumeo ni mtu wa kusikilizwa na mama yake, mwombe yeye azungumze naye faragha. Kama unapenda, mpime mama mwenyewe siku moja kabla hajanywa chai. Kwa umri wake ni kipimo kinachomfaa, na huenda akauona ugonjwa huu kwa jicho lingine.

Kile kipimo cha wastani, ambacho hospitali hukiita HbA1c, kinaeleza wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Kwa kuwa umeshapita mwezi wa nne, muda wake umefika. Asilimia 9.8 ya mwanzo ilikuwa na maana ya wastani wa kama 235 kwa mashine yako. Wengi hulenga chini ya asilimia 7, ambayo ni wastani wa kama 154. Utakapokwenda, chukua mashine, daftari, vidonge vyako na ule unga, na useme wazi kwamba ulikuwa ukiviruka vidonge, kwa sababu daktari asipolijua hilo atadhani dawa imeshindwa na atakupa kali zaidi. Usiku wa leo kula, umeze kidonge juu ya chakula, kisha baada ya wiki tatu uniandikie namba zako za asubuhi pamoja na jozi za milo, nizisome nikiwa na barua hii mkononi.